Mwindaji Ndiye Mpagazi

"Haya, shemeji. Tuseme Mungu katujalia, mnyama kaanguka. Nyama itafikaje kwenye gari?"

Ilikuwa Januari, Aurora, pembeni mwa jiji la Denver, na msimu tuliokuwa tukiupanga ungefunguliwa mwishoni mwa Oktoba. Mume wa dada yangu ni dereva wa malori, mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, na kazi yake imemzoesha kufikiria mzigo kuanzia unakoshushwa. Swali lake ndilo lililoamua mambo yote yaliyofuata: tuende bonde gani, tununue viatu gani, tufanye mazoezi gani, hata mnyama gani tumwache apite.

Tuliyemtaka ni elki, mnyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, ambaye dume lake huota pembe zenye matawi, zikaanguka kila mwaka na kuota upya. Dume pevu huweza kupita kilo 300. Ukimchuna na kumtoa mifupa, unabaki na nyama ya kilo 90 hadi 100 hivi. Mtu mwenye afya, katika mwinuko wa mita 3,000 ambako pumzi hukatika upesi, hubeba kilo 25 kwa safari moja bila kuyaumiza magoti. Kwa hiyo watu wawili wana safari mbili kila mmoja. Mnyama akianguka kilomita 4 kutoka barabarani, kila mtu atatembea kilomita 12, nane kati ya hizo akiwa na mzigo. Akianguka kilomita 10 ndani, ni kilomita 30, na hapo hujahesabu hema wala bunduki. Tukachukua karatasi ya ramani, tukachora duara la kilomita 4 kuanzia mahali gari linapoishia, tukakubaliana kwamba nje ya duara hilo hakuna atakayefyatua risasi.

Colorado ina elki wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, zaidi ya 250,000, na zaidi ya theluthi moja ya ardhi yake ni ya serikali kuu, nyingi ikiwa chini ya Idara ya Misitu na idara ya ardhi inayojulikana kwa herufi BLM. Ukijumlisha nchi nzima, ardhi ya BLM peke yake ni kubwa kuliko Tanzania yote. Sehemu nyingi hazina geti wala kiingilio. Unapiga hema bure porini, kwa kawaida hadi siku 14 mahali pamoja, na hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Kwa sisi tuliokulia Afrika Mashariki, jambo hilo huchukua muda kuingia akilini. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania unaruhusiwa, ila unaoonekana zaidi ni ule wa kitalii, wa vitalu, ambako mgeni hulipa maelfu ya dola, akawa na bingwa wa kumwongoza na vijana wa kumchunia na kumbebea. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtambua pia mkazi mwenye leseni, lakini mimi nilipokuwa nikikua Lushoto nilijua makundi mawili tu: matajiri wenye vibali, na majangili.

Kuna mtu mmoja anayeunganisha milima hii na pwani yetu. Theodore Roosevelt aliwinda dubu magharibi mwa Colorado mwaka 1905, akiwa rais. Mwaka 1909, akiwa ameshatoka madarakani, aliteremka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, na katika safari ile wawili hao waliua wanyama 512, wengi wao kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Nyuma yao ulifuata msafara wa mamia ya wapagazi. Rais huyohuyo ndiye aliyeweka mamilioni ya ekari za misitu ya Marekani mikononi mwa umma, misitu ambayo leo dereva wa lori na mfanyakazi wa hospitali kama mimi wanaiingia bila kumpigia mtu hodi.

"Wazee wetu walibeba pembe za watu," shemeji alisema nilipomsimulia. "Sisi tutabeba zetu wenyewe. Mwindaji ndiye mpagazi." Kuanzia siku hiyo kila tulipobishana kuhusu jambo, alilirudia neno hilo na ubishi ukaisha.

Kazi ya kwanza ilikuwa makaratasi. Colorado humtaka kila mwindaji aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baada yake awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Tulisoma usiku baada ya zamu: namna ya kubeba bunduki ukiwa na mwenzako, namna ya kuvuka uzio, mahali pa kulenga mnyama akiwa amesimama ubavu. Ukishaishi jimboni kwa miezi sita mfululizo unahesabiwa mkazi, na leseni ya mkazi haifiki dola 100. Mtu wa jimbo jingine hulipa mamia ya dola kwa dume hilohilo. Anayeishi Marekani kwa viza ya muda achunguze hali yake kabla ya kugusa silaha, maana sheria ya nchi humkataza kuwa na bunduki isipokuwa kwa sababu maalumu, na leseni halali ya uwindaji ni mojawapo. Mwenye kadi ya ukazi wa kudumu hana kizuizi hicho. Hata hivyo, Colorado humfanya kila mnunuzi asubiri siku tatu kabla hajakabidhiwa bunduki.

Jimbo limegawanywa katika vitengo vya uwindaji, na vitengo vyenye madume makubwa hugawiwa kwa bahati nasibu. Maombi hufungwa Jumanne ya kwanza ya Aprili. Ukikosa unapewa pointi, na wapo watu wanaokusanya pointi miaka kumi na zaidi kwa ajili ya kitengo kimoja. Sisi hatukuwa na pointi wala subira hiyo. Tukachagua leseni za dume zinazouzwa dukani na mtandaoni kuanzia Agosti kwa msimu wa pili wa bunduki, ambazo mtu hununua bila kura. Bei yake nyingine ni umati, kwa kuwa kila asiyepata kura huja hukohuko. Kijitabu cha kanuni hutolewa upya kila mwaka na idara ya wanyamapori ya jimbo, Colorado Parks and Wildlife. Asikudanganye mtu aliyewinda mwaka juzi. Soma cha mwaka huu.

Kisha ramani. Programu ya simu hukuonyesha ardhi ya nani inaanzia wapi, na hilo si anasa, kwa kuwa Colorado haimlazimishi mwenye shamba kuweka kibao wala uzio. Ukiingia bila ruhusa, kosa ni lako. Kuna mahali ambapo vipande vya umma na vya watu binafsi vimepangwa mithili ya ubao wa drafti, vikigusana kwenye pembe tu. Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walivuka pembe ya namna hiyo huko Wyoming kwa ngazi, bila kukanyaga ardhi ya jirani, wakashtakiwa. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho, ambayo Colorado pia iko chini yake, iliwapa haki. Hata hivyo tulipendelea mahali pasipohitaji wakili.

Tukachagua Flat Tops, nyanda za juu ndani ya Msitu wa Taifa wa White River, kaskazini magharibi mwa jimbo. Kundi la elki la White River ni kubwa kuliko mengine yote Colorado. Sehemu ya katikati ni pori lililohifadhiwa kwa sheria ya mwaka 1964, ambamo gari, pikipiki, baiskeli na msumeno wa injini haviruhusiwi. Ukitaka kwenda mbali, unakwenda kwa miguu yako au ya farasi. Farasi wa kukodi wapo, na wanaokodisha huweza kukutolea nyama nje, ila bei yake ilikuwa mara kadhaa ya bei ya leseni zetu zote mbili.

Watu wa Idara ya Misitu hulitaja ziwa la Trappers, lililo kwenye mwinuko wa mita 2,900 hivi, kama chimbuko la hifadhi za namna hii: mwaka 1919 Arthur Carhart alitumwa kwenda kupima viwanja vya nyumba za mapumziko kando yake, akarudi na ushauri kwamba paachwe palivyo. Lakini habari haikuanza na Carhart. Hii ilikuwa nchi ya Wayute, wenyeji wake wa asili. Mwaka 1879 waliasi dhidi ya wakala wa serikali, Nathan Meeker, wakamuua, na mwaka 1881 Wayute wa White River wakahamishiwa Utah kwa nguvu. Mji wa karibu na msitu unaitwa Meeker hadi leo. Ardhi ikaitwa ya umma baada ya wenyewe kuondolewa, na kwa mtu aliyetoka nchi yenye hifadhi zilizohamisha wafugaji, hilo si jambo la kurukwa.

Julai tulikwenda kupeleleza. Elki wakati huo wako juu karibu na mwisho wa miti, wakila majani mabichi, na Oktoba hawatakuwa hapo. Kwa hiyo hatukwenda kutafuta wanyama. Tulitafuta miteremko inayoelekea kaskazini yenye misonobari minene, ambako hulala mchana, na nyasi zilizo karibu, ambako hutoka kula alfajiri na jioni. Tulitafuta pia maji, magome yaliyosuguliwa kwa pembe, na njia zilizochimbika kwa kwato. Tulipima kwa saa muda wa kutembea kutoka garini hadi kila mahali. Bonde moja lililoonekana zuri kwenye ramani tukalifuta: lilikuwa limejaa miti mikavu iliyolala ovyo baada ya moto wa mwaka 2002, na kuruka magogo ukiwa na paja la elki mgongoni ni kuomba mguu uvunjike.

Jambo lililotuchukua muda kuelewa ni upepo. Elki anaweza kukusamehe akikuona kidogo na akikusikia kidogo. Akikunusa, habari imekwisha. Na milimani upepo una ratiba. Jua likipasha mteremko, hewa hupanda. Jua likizama, hewa baridi huteremka kwenye mabonde kama maji. Asubuhi na mapema, basi, ukae chini ya mnyama. Mchana ukishapamba moto, harufu yako itapanda, nawe ukae juu yake au pembeni. Tulinunua kichupa cha unga mwepesi; ukikibonyeza, unga unakuonyesha hewa inaelekea wapi. Kilikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote tulivyobeba, na tulikitumia kuliko vyote.

Mazoezi tuliyafanyia kwenye ngazi za uwanja wa muziki wa Red Rocks, nje ya Denver, tukiwa na shanta zenye gunia la mchele. Watu waliokuja kukimbia walitutazama. Shemeji akawa anawaambia kwamba tunapeleka mchele harusini. Bunduki tulizilenga kwenye uwanja wa shabaha mpaka kila mmoja akajua umbali anaopiga bila wasiwasi akiwa ameketi chini, mapigo ya moyo yakiwa juu. Wangu ulikuwa mita 200. Mabango ya matangazo husifu bunduki zinazofika mara tatu ya hapo, lakini mnyama aliyejeruhiwa anayekimbilia bonde la pili anavunja hesabu yote ya mizigo.

Oktoba ilipofika, orodha ilikuwa fupi: shanta za fremu ngumu, mifuko ya kitambaa chepesi ya kutilia nyama, visu viwili, kamba, tochi za kichwani na betri za akiba, chujio la maji, mifuko ya kulalia ya baridi kali, ramani ya karatasi kwa siku simu itakapozimika, na kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti. Juu ya hayo, vizibao na kofia za rangi ya machungwa inayong'aa. Sheria hutaka inchi za mraba 500 za rangi hiyo juu ya kiuno, pamoja na kofia, na tangu mwaka 2016 rangi ya waridi inayong'aa pia inakubaliwa.

Tuliondoka Aurora usiku wa manane. Barabara kuu ya I-70 hupanda hadi handaki la Eisenhower, zaidi ya mita 3,300 juu ya usawa wa bahari, ikateremka kwenye korongo la Glenwood, na kule mbele ukaiacha na kushika kaskazini kuelekea Meeker. Barabara ya changarawe ya kuingia msituni ilikuwa na mahema pande zote, malori madogo, moshi wa kuni. Ule umati tulioahidiwa ulikuwepo. Lakini wengi wao hawakwenda mbali na magari yao, na elki wanalijua hilo. Kufikia kilomita 3 ndani hatukuona tena rangi ya machungwa isipokuwa yetu.

Siku za mwanzo zilikuwa kavu na joto, na wanyama walibaki kwenye misonobari. Alfajiri moja dume dogo lilitoka kwenye nyasi chini yangu, mita 150 tu, likasimama ubavu. Katika vitengo vingi vya Colorado dume halali lazima liwe na matawi manne upande mmoja, au tawi la paji la uso lenye urefu wa inchi 5. Nikaliangalia kwa darubini kwa utulivu. Matawi matatu kushoto, matatu kulia, na lile la paji fupi. Nikashusha bunduki. Likala, likanyanyua kichwa, likaondoka kwa wakati wake.

Kisha ikaja theluji ya usiku mzima, na theluji huwashusha elki. Kulipopambazuka tulikuta njia mbichi za kundi zikivuka mgongo wa mlima. Tulizifuata kwa pembeni, kichupa cha unga mkononi, mpaka tukawaona ng'ambo ya kijibonde. Majike yalikuwa mbele, na dume la matawi matano likifuata nyuma. Umbali haukufika mita 200. Zamu ilikuwa ya shemeji. Akaketi, akaegemeza bunduki kwenye shanta, nikamsikia: "Bismillahi Allahu Akbar." Mlio ukapasua bonde. Dume likapiga hatua chache, likaanguka.

Wanazuoni wengi wanakubali kwamba mnyama wa windo aliyetoboka kwa risasi iliyofyatuliwa kwa jina la Mwenyezi Mungu ni halali hata ukimkuta amekufa. Ukimkuta hai, unamchinja. Tulimkuta amekwisha. Shemeji akajaza kipande cha leseni chenye tarehe na sahihi, kisha tukaangalia ramani: kilomita 3 na ushee kutoka garini, njia ikiteremka sehemu kubwa. Ndani ya duara.

Hapo ndipo kazi huanza. Tulichuna upande mmoja bila kupasua tumbo, tukatoa paja, bega, sarara na nyama ya shingo, tukampindua na kufanya hivyo upande wa pili. Kwenye kipande kimoja tulibakiza alama ya jinsia, kama sheria inavyotaka. Kila mfuko tuliutundika kwenye kivuli mara ulipojaa, kwa sababu adui wa nyama ni joto lake lenyewe. Mifuko ya kubaki usiku tuliitundika juu na mbali na hema. Dubu weusi bado huzurura Oktoba. Mzigo wa kwanza tulifika nao garini gizani. Wa pili ulikuwa wa kesho yake, pamoja na kichwa, na mabega yaliniuma muda mrefu baadaye.

Kichwa tulikipeleka kwenye ofisi ya idara mjini Meeker kupimwa. Kuna ugonjwa sugu wa ubongo unaokondesha na kuua jamii hii ya wanyama, uliogunduliwa kwanza mwaka 1967 kwenye kituo cha utafiti Fort Collins, Colorado. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuupata kwa kula nyama, lakini wataalamu wa afya wanashauri asiliwe mnyama aliyekutwa nao. Nyama ikakaa kwenye friza mpaka majibu yakarudi safi.

Ndipo tukaigawa. Majirani Wakongomani, Wasomali wa mtaa wa pili, wazee wa msikitini, dada yangu akapika pilau la watu wengi. Nikawasimulia habari ya Mbegha, ambayo kila Mshambaa anaijua na ambayo imo katika *Habari za Wakilindi*: alitoka Nguu akiwa mwindaji, akawagawia watu wa Usambara nyama, nao wakampa utawala. Shemeji akasema Mbegha alikuwa na bahati, maana yeye amepata mgongo tu.

Leseni yangu ilirudi bila kutumika, na hilo ni jambo la kawaida: kwa takwimu za jimbo, anayepata elki ni takriban mmoja kati ya wawindaji watano. Kwa msomaji unayeishi huko na unayefikiria kwenda, ushauri wangu ni mfupi. Anza Januari, na anzia kwenye nyama, si kwenye bunduki. Pima kilo, gawa kwa migongo mliyo nayo, zidisha kwa kilomita. Hesabu ikikataa mezani, fupisha umbali, ongeza watu au kodi farasi. Usiende kuijaribu mlimani, kwa maana sheria ya Colorado inamwadhibu anayeacha nyama ya kuliwa ioze porini, na hata isingekuwepo sheria, hiyo ingebaki kuwa israfu.